Kovu la Kibogoyo

Msomaji mmoja amenitumia ujumbe kwamba nina moyo wa jiwe, kwa sababu wiki iliyopita nilisimulia jinsi nilivyomtoa mume wangu nyumbani bila kudondosha chozi. Sina la kumjibu. Chozi halikuja. Ningeliandika, lingekuwa la uongo, na uongo uliomo katika habari hii unatosha.

Kwa aliyekosa kusoma wiki iliyopita: baba yangu alikuwa fundi saa. Alipofariki aliacha kibanda chake cha kazi, vifaa, na sarafu moja ya kale ambayo wakusanyaji wa sarafu wanamwita Kibogoyo, kama mtu. Upande mmoja ina tembo, na tembo huyo hana pembe. Fundi wa kiwanda cha sarafu, katika kuisafisha chapa, aliisugua mpaka pembe zikafutika. Zilitoka chache kabla kosa halijaonekana, na kosa hilo ndilo linaloipa thamani.

Kibogoyo wa baba ana alama nyingine. Baba alipokuwa kijana bisibisi ilimponyoka, ikaacha mkwaruzo mfupi chini ya sikio la tembo. Nyumbani tuliuita kovu. Tulikua tukilitazama kovu lile kama watoto wengine wanavyotazama picha ya babu yao.

Wakati wa msiba, kiboksi cha saa alimoitunza kilikutwa kitupu. Aliyekuwa akilala kibandani kumuuguza baba ni mume wangu. Kaka yangu akasema mwizi ni yeye. Mama akakataa polisi, akasema mambo ya ndani hayaanikwi juani. Nami nikamwambia mume wangu akakae kwenye karakana yake mpaka nitakapojua ukweli.

Kisha, katika katalogi ya mnada wa sarafu, nikaiona picha. Tembo, hana pembe, kovu chini ya sikio.

Nyumba za mnada hazitaji jina la mwuzaji. Lakini mwenye sarafu mkononi ana haki ya kuuliza ilikotoka. Asiyenunua hana swali. Ndiyo maana niliamua kununua.

Siku ya ukaguzi niliishika juu ya kitambaa cheusi, kwa ncha za vidole, kama kanuni inavyotaka. Mimi ni mkemia wa maji. Nina mizani ndogo inayolala ndani ya mkoba wangu, na kazi yangu ni kutoamini kitu ambacho sijakipima. Nililitazama kovu kwa lenzi. Lilikuwa lilelile. Nikairudisha sarafu, na mkoba sikuufungua.

Hilo nalitaja kwa sababu ndilo lililoleta mengine yote.

Ukumbi wa mnada ulikuwa na viti vya plastiki vilivyovalishwa vitambaa, na feni iliyozunguka bila kuleta upepo. Nilikaa nyuma na kibao changu cha namba. Kiti cha pembeni kikavutwa.

"Hee! Mkemia naye yumo!"

Alikuwa kaka yangu. Yeye ni dalali wa viwanja, na huongea kama mtu anayelipwa kwa neno.

"Shikamoo, Kaka."

"Marahaba. Umekuja kupima maji ya kunywa?"

"Nimekuja kununua."

"Kwa hela gani, mdogo wangu? Zile za msingi wa nyumba?"

"Ndizo."

"Basi nyumba yako itaanzia paani."

Niliona kuwa naye ana kibao.

"Na wewe?"

"Nimekuja kumrudishia Mama kitu cha Baba. Kuna ubaya?"

"Hakuna. Tusishindane, basi. Anunue mmoja wetu."

"Nunua wewe. Mimi nitakaa tu, nikupigie makofi."

Mnadi alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kuamsha wagonjwa. Aliinua picha kubwa ya sarafu.

"Mabibi na mabwana, mzee wetu Kibogoyo! Hana pembe, lakini mifuko anaitoboa vilevile. Tunaanza na arobaini. Nani ananipa arobaini?"

Mzee mmoja wa mbele akatoa arobaini. Nikatoa hamsini. Mzee akatoa sitini, nikatoa sabini, na mzee akatikisa kichwa akakiweka kibao chake chini ya kiti.

"Sabini kwa yule mama wa nyuma! Sabini mara ya kwanza..."

"Themanini," alisema kaka yangu.

Nikamgeukia.

"Ulisema utakaa."

"Mkono umeniwasha."

"Tisini," nilisema.

"Mia!"

"Kaka, unafanya nini?"

"Nampenda baba yangu. Wewe humpendi?"

Ukumbi ukageuka kututazama. Mtu mmoja akasema hawa lazima ni mtu na mke wake. Watu wakacheka. Mnadi naye akadakia palepale, akasema ndoa zote huvunjwa na fedha, hii tu inavunjwa na tembo.

Tulipanda. Kila nilipoinua kibao, kaka aliinua chake bila hata kumtazama mnadi. Alikuwa akiutazama mkono wangu. Nilipofika mwisho wa nilichokuwa nacho, nilikilaza kibao mapajani. Hapo naye akakishusha chake. Bei yake ilikuwa juu ya yangu kwa hatua moja. Nikamwona anapepesa macho. Jasho lilikuwa limemtoka puani.

Nilikumbuka kuwa kulikuwa na fedha za mbao za kenchi za paa, ambazo nilikuwa sijazihesabu. Nikakiinua kibao tena.

Kaka akashusha pumzi, akaegemea kiti.

Nyundo ikagonga.

"Hongera, dada," akasema, na kunipigapiga begani. "Mali imerudi nyumbani."

Kwa mtu aliyeshindwa, aliondoka na mwendo mwepesi sana. Nililiona hilo, nikaliweka akilini.

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda maabara, kwa kuwa ndiko ninakofikiri vizuri. Nikaiweka sarafu kwenye mizani kubwa, ile ya ndani ya kioo, nikasubiri namba zitulie.

Ilikuwa nyepesi. Si wepesi wa kuchakaa; sarafu iliyochakaa hupungua kidogo. Hii ilikosa kiasi ambacho hata mkono ungekihisi, kama mkono wangu siku ile ya ukaguzi ungekuwa unafanya kazi yake badala ya kukumbuka.

Nikaiweka chini ya hadubini. Karibu na mkia wa tembo palikuwa na kitundu, kidogo kama ncha ya sindano. Kwenye ukingo, katikati ya vile vijimeno vinavyozunguka sarafu, ulipita mshono mwembamba.

Sarafu ya kweli hupigwa chapa kwa nguvu, haina vitundu. Yenye vitundu na mshono imesubiwa: mtu amechukua kalibu kutoka kwenye sarafu ya kweli, akayeyusha madini mengine, akayamimina ndani. Na kalibu hainakili tembo tu. Hunakili na kovu.

Nililijua kovu. Sarafu sikuijua.

Kwenye mshono palikuwa na chenga iliyolegea. Niliidondosha juu ya karatasi nyeupe. Haikuwa nyeupe kama fedha. Ilikuwa ya kijivu, yenye mng'ao wa chuma. Sikuhitaji kuipima. Chenga za namna hiyo nimezikung'uta kwenye mashati ya mume wangu tangu tulipooana.

Mume wangu ni fundi wa meno bandia. Huchukua kalibu ya fizi ya mtu, akasubu vishikizo vya madini vya kushikia meno. Ndiyo kazi yake ya kila siku.

Mtu anaweza kudhani nililia hapo. Nilikuwa kama fizi iliyochomwa sindano ya ganzi: unajua kabisa kuwa jino linang'olewa, unasikia hata koleo linavyogonga, lakini huna unachohisi. Niliifunga sarafu kwenye kitambaa, nikafuta mizani, nikazima taa.

Karakana yake ina meza moja ndefu na rafu zilizojaa taya za plasta, zote zimefumbua mdomo. Nilimkuta amevaa aproni, anasugua meno ya mtu.

"Karibu," alisema. "Usisogelee hilo jiko, bado lina moto."

Niliiweka sarafu mezani kati ya taya mbili.

"Unaijua hii?"

Hakuchukua lenzi. Alipitisha ukucha wa kidole gumba kwenye ukingo, akasimama pale penye mshono.

"Naijua. Nimeitengeneza mimi."

Niliutazama ukucha wake. Ulikuwa na plasta.

"Uliniambia hukuiba."

"Sikuiba."

"Hukuniambia kuwa ulitengeneza nyingine."

"Hukuniuliza, Mkemia." Ndivyo anavyoniita tangu uchumba. "Ulikuja na swali moja, nikalijibu. Ukaliweka begi langu mlangoni."

"Ungesema tu."

"Baba alikuwa amenifunga mdomo. Alikuja hapa kabla hajalala kitandani, amemfunga Kibogoyo kwenye kitambaa. Akaniambia, mkwe, nitengenezee pacha wake. Nikamuuliza wa nini. Akasema, mwizi wangu huingia bila kupiga hodi. Nataka akija akute kitu."

"Mwizi gani?"

"Hakutaja. Akasema, na binti yangu usimwambie, yule uongo haujui, atakwenda kuuliza mbele ya watu."

Hilo lilikuwa kweli. Baba alinijua.

"Ulisubu ngapi?"

"Moja."

"Na ya kweli iko wapi?"

"Aliondoka nazo zote mbili. Hii mfuko wa kulia, ile mfuko wa kushoto. Nikamtania, mzee, ukichanganya mifuko umekwisha. Akacheka mpaka akakohoa."

"Una shahidi?"

"Shahidi tumemzika."

Akachukua yale meno, akaendelea kuyasugua, kisha akayaweka tena.

"Nirudi nyumbani?"

"Bado."

"Haya." Akanisindikiza hadi mlangoni. "Chukua mwavuli wangu. Mawingu yale si ya mchezo."

Niliuchukua. Mvua ilinyesha kweli.

Nilichokuwa nacho sasa ni maneno ya mtu mmoja yanayomtetea yeye mwenyewe. Kama alisema kweli, aliyeiba kiboksini alikuwa na mwigo mkononi bila kujua. Kama alisema uongo, mwizi ni yeye, na alikuwa na mwigo, na ya kweli pia. Njia ya kuzitenganisha habari hizo mbili ilikuwa moja: kumwona mwuzaji.

Nyumba ya mnada ina mthamini, mwanamke wa makamo ambaye watu wote wa sarafu wanamwita Bi Lenzi, kwa kuwa lenzi haitoki shingoni mwake hata msibani. Msiba wa baba alikuja nayo. Nilimkuta ofisini kwake, nikaiweka sarafu juu ya mizani yake bila kusema neno.

Alisoma namba. Akavua miwani. Akavaa tena, akasoma.

"Huyu nilimpima kwa mkono wangu," alisema. "Miaka ile, juu ya meza ya baba yako. Alikuwa na uzito wake kamili."

"Na safari hii?"

"Safari hii niliona kovu. Nikamsalimia kama mtu ninayemjua." Akasugua paji la uso. "Sikumpima."

"Nami nilimsalimia hivyohivyo."

"Basi tumekuwa wajinga wawili, na baba yako anatucheka huko aliko." Hakucheka yeye. "Utarudishiwa pesa zako. Lakini kuna kanuni. Sarafu ikirudishwa kuwa ni bandia, tunamwita mwuzaji na kuipima upya mbele yenu wote wawili. Tuliiweka kwa sababu ya wajanja wanaonunua ya kweli wakarudisha ya bandia."

"Atakuja?"

"Nitamwambia aje tumalize habari ya sarafu yake. Atadhani ni malipo. Hakuna aliyewahi kuchelewa kwa malipo."

"Naweza kuja na mtu?"

"Mmoja. Na uje umejiandaa, binti yangu. Nitauliza ni nani aliyeisubu, na nikijibiwa, jina hilo haliishii hapa. Linakwenda polisi."

Nilimchagua Mama. Kwa miaka yote ya kazi yangu sijawahi kutoa majibu ya maji bila shahidi wa pili kutia sahihi, na katika jambo hili shahidi aliyekuwa na uzito ni yeye.

Nilimkuta anachambua mchele kwenye ungo.

"Mwuzaji ameitwa," nilimwambia. "Nataka uwepo, umwone kwa macho yako."

"Nimechoka, mwanangu. Yaache."

"Mama, nimemtoa mume wangu kwa sababu ya neno lako."

"Mimi sikusema neno."

"Ndilo hilo nisemalo."

Mkono wake ulisimama juu ya mchele. Halafu akainuka, akaingia chumbani akafunga mlango. Nilisikia sanduku likifunguliwa. Alikaa muda mrefu kuliko mtu anayebadilisha nguo. Alipotoka alikuwa amejifunga kitambaa kingine, na pembe yake moja ina fundo.

"Twende," alisema.

Fundo nililiona. Sikuuliza. Nilidhani ni nauli.

Tulikaa upande mmoja wa meza, Bi Lenzi upande wa pili, mizani katikati. Mama aliutazama mlango tu. Tulisikia mluzi kwenye korido kabla ya hatua, na mluzi ule niliufahamu kabla mlango haujafunguliwa.

Kaka aliingia na viatu vipya.

Mluzi ukakatika.

"Aa! Mama! Mbona... Dada, nawe upo? Mnafanya nini huku?"

"Karibu ukae," alisema Bi Lenzi. "Wewe ndiye uliyetuletea hii?"

Alitutazama mmoja mmoja, akihesabu njia za kutokea. Kisha akacheka. Dalali hakosi neno.

"Sikilizeni. Niliikuta. Nikasema ikikaa ndani italeta ugomvi. Bora iuzwe, tugawane kama watu wazima. Nilikuwa nakuja kuwaambia."

"Ulikuwa na kibao ukumbini," alisema Bi Lenzi. "Nilikuona. Mwuzaji anayejipandishia bei mwenyewe, kwetu hafungui tena mlango ule."

Hapo ndipo nilipouelewa mkono wake uliowashwa, na jasho la puani pale nilipolaza kibao. Aliogopa kuwa ameinunua mali yake mwenyewe.

"Ulikuwa unapanda juu ya matofali yangu," nilimwambia.

"Dada, biashara haina dada."

"Basi haina na kaka. Bi Lenzi, ipime."

Akaipima. Akageuza mizani ili wote tusome, akaweka kando karatasi yenye uzito unaotakiwa. Kaka alikodoa macho.

"Maana yake nini?"

"Maana yake ni bandia."

Nilimtazama usoni, na hili naliandika kwa sababu ni ushahidi: alishangaa kweli. Mdomo ulimlegea. Hakujua. Lakini mshangao wake haukudumu. Aligonga meza kwa kiganja.

"Imebadilishwa! Mimi nilileta ya kweli. Huyu ameondoka nayo hapa, akaipeleka kwa mumewe, wakafyatua pacha. Mumewe anasubu meno, mama wee! Anasubu! Muulizeni kazi ya mume wake!"

Nilifungua katalogi kwenye picha, nikamsogezea Bi Lenzi, nikaweka kidole karibu na mkia wa tembo.

"Tazama kitundu."

Alitazama picha kwa lenzi, kisha sarafu, kisha picha.

"Ni kilekile. Picha hii tuliipiga siku uliyoileta wewe, bwana. Haijabadilishwa."

Kaka akafuta uso kwa leso.

"Lakini swali lake si baya," aliendelea Bi Lenzi, na sasa alikuwa akinitazama mimi. "Aliyechukua kalibu hii ni fundi, si mbabaishaji. Unamjua?"

Ilikuwa rahisi kusema sijui. Ni neno fupi. Hakuna aliyekuwepo karakana isipokuwa sisi wawili na taya za plasta. Mume wangu alikuwa ameshapoteza nyumba kwa kutosema. Mimi nilitakiwa nisiseme mara moja tu, na angebaki mtu huru.

Nililipima. Sikuweza. Si kwa sababu ya wema. Nimekaa na mizani muda mrefu, basi.

"Mume wangu," nilisema. "Baba alimwagiza, ili mwizi akija akute mwigo."

"Hee!" Kaka alisimama akapiga makofi. "Si niliwaambia? Si niliwaambia mimi?"

"Kaa chini," alisema Mama.

Hakupaza sauti. Kaka alikaa kabla hajajua kuwa amekaa.

"Nilikuona," Mama alimwambia. "Watu wapo msibani wanalia, wewe unatoka kibandani kwa baba yako, mkono mfukoni. Nikanyamaza."

"Mama, mimi..."

"Nyamaza. Zamu yako imekwisha."

Nilimgeukia. "Ulijua si mume wangu, ukaniacha nimtoe."

"Mkwe akifukuzwa hurudi, mwanangu. Mtoto akiingia jela, anayetoka ni mwingine."

Nilijua kuwa hapo pana maumivu, kama unavyojua kuwa chumba cha jirani kina mtu. Sikuweza kuingia.

"Tena niliona hajaiba kitu cha maana," Mama aliendelea, na kuanza kulifungua fundo kwa meno. "Baba yenu alinikabidhi yenyewe mkononi. Akaniambia, ile ya kiboksini ni ya mwizi, hii ni yako. Nikaificha. Nilisema nitaitoa siku mtakapopatana. Sasa naona hampatani. Chukueni, wanangu. Muuwekee mwisho huo ugomvi, na huyo mkwe wangu asiitiwe polisi kwa jambo aliloagizwa."

Aliiweka juu ya kitambaa cheusi.

Tembo, hana pembe. Kovu chini ya sikio.

Kaka aliinyoshea mkono bila kufikiri. Mama akaupiga mkono ule kama anavyompiga mtoto anayedokoa nyama.

Bi Lenzi hakuisalimia. Aliishika kwa ncha za vidole akaiweka kwenye mizani, akaiondoa mikono yake, akasubiri. Kisha akaitoa, akaifuta kwa kitambaa, akaifuta na mizani yenyewe, akaiweka tena. Tulisikia mtu akikokota kiti ghorofa ya juu.

"Mwanamke mwenzangu," Mama alimwambia, "mbona husemi?"

Bi Lenzi akaigeuza mizani, akanisogezea mimi.

Nilisoma namba. Nilikuwa nimeshaisoma mara mbili kabla ya hapo, maabara, na tena mezani palepale. Ilikuwa ileile. Niliinua sarafu, nikapitisha ukucha kwenye ukingo. Ukucha ukasimama.

Mume wangu alikuwa amenipa jibu lililokaa sawasawa na swali langu, na mimi nilikuwa nimelimeza kama maji yaliyopimwa.

"Ile niliyoipima mimi kwa baba yako ilikuwa ya kweli," alisema Bi Lenzi polepole. "Kwa hiyo ipo mahali. Mumeo alikwambia alisubu ngapi?"

Kaka alikuwa wa kwanza kucheka. Mama alikuwa bado ameshika pembe ya kitambaa chake, imekunjamana pale palipokuwa na fundo.

Tembo wawili walikuwa juu ya meza, kovu moja.

"Moja," nilisema.